Uzi: Je, sentensi moja ya Kanye West iliwashinda wote waliorekodi nyimbo kuhusu Katrina?

#1 SanturiYaZamani

Wakuu, salaam. Wiki nzima nimekuwa nikipitia nyimbo zilizotoka baada ya kimbunga Katrina kuipiga New Orleans tarehe 29 Agosti 2005, na kuna hoja nataka tuibishanie hapa.

Ijumaa ya tarehe 2 Septemba 2005, wakati maelfu ya watu, wengi wao weusi, bado wamekwama Convention Center, ukumbi wa mikutano wa mji, televisheni ya NBC ilirusha harambee ya kuwachangia waathirika. Kanye West alipangwa na mchekeshaji Mike Myers. Myers alisoma alichoandikiwa. Kanye akayaacha maandishi, sauti ikitetemeka, akasema familia nyeusi ikionekana na chakula inaitwa waporaji, nyeupe inaambiwa inatafuta riziki. Ilipofika zamu yake tena akasema George Bush hajali watu weusi. Basi. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna kiitikio.

Miaka mitano baadaye Bush akaandika kwenye kitabu chake cha kumbukumbu kwamba kuambiwa ni mbaguzi kwa ajili ya Katrina ndiko kulikomshusha chini kuliko lawama zote. Rais aliyeingia vita viwili, kilichomuuma zaidi ni maneno ya mwanamuziki!

Sasa nitajieni wimbo mmoja wa Katrina uliofika hapo. Mimi nasema haupo, na sababu ni kwamba wimbo wa kulalamikia maafa siku zote huchelewa. Ukitoka, maji yameshakauka na kamera zimeshaondoka.

#2 Mtoto wa Keko

Nimeweka kiti. Mwalimu Mstaafu akiingia humu na blues zake hatulali leo.

#3 Jirani wa Astrodome

Mkuu #1, hoja yako imeanguka mwanzoni tu. Mwaka 2005 nilikuwa naishi Houston, na ninachokuambia nilikiona.

Mabasi yalianza kuleta watu kutoka Superdome, uwanja wa michezo wa New Orleans, kuwaingiza Astrodome, uwanja wa Houston. Kanisa letu la Waafrika Mashariki tulikwenda kugawa nguo na sabuni. Nilikutana na mama mmoja wa makamo, kashika mfuko wa plastiki wenye picha za harusi zilizolowa, anauliza kila anayepita kama ameona orodha ya majina ya waliopelekwa Dallas. Mume wake alipandishwa basi jingine. Hakuna aliyekuwa na orodha.

Kwenye jengo hilohilo mama yake Rais, Barbara Bush, alipita akasema kwamba wengi wa waliomo walikuwa na maisha duni tangu mwanzo, kwa hiyo mambo haya yanawaendea vizuri. Alisema hivyo, na redio ilirusha.

Kuhusu wimbo kuchelewa: siku chache tu baada ya Kanye kusema, vijana wawili wa hukohuko Houston, The Legendary K.O., waliichukua biti ya "Gold Digger", wimbo wa Kanye uliokuwa unatamba wakati ule, wakaweka mistari yao na sentensi yake wakaifanya kiitikio. Mmoja wao alikuwa anaishi karibu na Astrodome. Walitumiana sauti kwa kompyuta, wakaweka mtandaoni bure, hakuna kampuni wala studio kubwa. Mistari yenyewe inasemwa na mtu aliyekwama nyumbani, maji yanapanda, helikopta zinapita juu bila kushuka.

Kwa hiyo wimbo ulitoka watu wakiwa bado wanalala kwenye vitanda vya turubai. Kuchelewa kuko wapi?

#4 Kipaza

Nyongeza kwa #1. Sentensi ile watu wa pwani ya mashariki ya Marekani waliisikia moja kwa moja. Kwa watu wa pwani ya magharibi, ambako kipindi kilirushwa baadaye, NBC waliikata. Kama si intaneti, nusu ya nchi isingeiona usiku ule. Sasa ni sentensi iliyoshinda, au ni waliokuwa wanaisambaza, wakiwemo hao vijana wa Houston?

#5 SanturiYaZamani

#3 asante kwa ushuhuda. Lakini umenipa nguvu. Hao vijana walihitaji sentensi ya Kanye ili wimbo wao usimame. Ukiitoa, unabaki na nini?

#6 Jirani wa Astrodome

Unabaki na mtu aliye juu ya paa. Kanye alikuwa studio, ndugu yangu.

#7 Mwalimu Mstaafu

Vijana, hamjambo. Mnabishana kana kwamba mto Mississippi ulianza kufurika mwaka 2005.

Rudini 1927. Tarehe 21 Aprili tuta la kuzuia mto la Mounds Landing, jimbo la Mississippi, lilipasuka. Mafuriko ya mwaka ule yaliwahamisha zaidi ya watu 600,000, na sehemu kubwa walikuwa weusi waliokuwa wakilima pamba kwenye mashamba ya wazungu. Pale Greenville maelfu ya watu weusi waliwekwa juu ya tuta lenyewe, maji pande zote. Meli zilikuja, zikachukua wanawake na watoto wa kizungu. Weusi waliachwa kwa sababu wenye mashamba waliogopa: wakiondoka, pamba atavuna nani? Wanaume wakafanyishwa kazi chini ya bunduki za askari wa jimbo, na asiyefanya kazi chakula cha Msalaba Mwekundu kilikuwa shida kukipata. Walivalishwa vitambulisho shingoni kuonyesha ni wa shamba gani.

Charley Patton, mwimbaji wa blues, alirekodi "High Water Everywhere" mwaka 1929, upande wa kwanza na wa pili wa santuri. Ndani yake anasema angekwenda nchi ya vilima lakini amezuiwa. Wanaoijua Greenville wanajua anachosema. Msiitafute hotuba humo. Mtu mweusi wa Mississippi mwaka 1929 hakuweza kumtaja kwa jina aliyemzuia na akarudi kwake akiwa hai. Alitaja miji, moja baada ya nyingine, na maji yanavyoifuata. Anapiga ubao wa gitaa kama anagonga mlango.

Mwaka huohuo Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy wakarekodi "When the Levee Breaks". Na kabla yao Bessie Smith aliimba "Backwater Blues" kuhusu mafuriko hayo.

Kwa hiyo #1 nakuunga mkono nusu: zilichelewa, miaka miwili. Lakini Bush amebaki na sentensi kwenye kitabu chake. Patton ameacha ushahidi wa kambi ambazo wakubwa walitaka zisahaulike.

#8 Nyundo80

Mwalimu shikamoo. Hapo kwa Bessie Smith pana kasoro. "Backwater Blues" ilirekodiwa Februari 1927, tuta la Mounds Landing likapasuka Aprili. Huwezi kuimba mafuriko ambayo hayajatokea. Alikuwa anazungumzia mafuriko ya Nashville ya Krismasi 1926, mto Cumberland.

#9 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Tarehe zako ni sahihi, na ndizo zinazonipa hoja. Wimbo ulikuwa tayari madukani maji yalipokuja, waliofurikiwa wakaununua wakaufanya wao. Hakuna aliyeuliza ni mto gani. SanturiYaZamani anasema wimbo wa maafa huchelewa, na huu hapa uliwahi.

#10 Mtoto wa Keko

Nilisema hatulali.

#11 Mpima Ardhi

Mimi nataka kuingiza jambo ambalo mashabiki wa muziki hawalipendi. Kilichoizamisha New Orleans si upepo wala ngozi ya mtu, ni uhandisi. Matuta na kuta za mifereji zilipasuka sehemu zaidi ya 50. Mfereji wa 17th Street ukuta wake ulisukumwa kabla maji hayajafika juu yake. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, waliosanifu mfumo ule, walikiri 2006 kwamba ulikuwa na dosari. Maji yaliingia Lakeview pia, mtaa wa wazungu wenye uwezo. Asilimia 80 ya mji ilizama.

Ukiuimba ubaguzi, unamwachia mhandisi apumzike.

#12 BintiMakorora

Kaka Mpima Ardhi, maji hayakuchagua, nakubali. Waliookolewa ndio walichaguliwa. Zaidi ya watu laki moja wa mji ule hawakuwa na gari, na amri ya kuhama ilikuwa mwenye gari aendeshe. Waliojaribu kuvuka daraja la Crescent City Connection kwa miguu walikutana na polisi wa Gretna, mji wa ng'ambo wenye wazungu wengi, wakawarudisha huku risasi zikipigwa hewani. Tarehe 4 Septemba kwenye daraja la Danziger polisi wa New Orleans waliwapiga risasi watu wasio na silaha, wawili wakafa, wanne wakajeruhiwa, halafu wakatunga habari ya kuficha. Kesi ile imezunguka mahakamani hadi 2016 ndipo askari wakakiri.

Na baada ya maji? Mpango wa serikali wa kuwalipa wenye nyumba, Road Home, ulikadiria kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga. Nyumba mbili zenye mbao zilezile na vyumba vilevile, moja mtaa wa wazungu na moja Lower Ninth Ward, mtaa wa weusi, zina bei mbili tofauti. Basi na hela ya kujenga ikawa mbili tofauti, wakati saruji dukani ni bei moja. Walishtakiwa, kesi ikamalizwa kwa makubaliano 2011.

Hapo mhandisi anahusikaje?

#13 Mpima Ardhi

Dada, la Road Home sina jibu. La kuta nashikilia palepale.

#14 Kijiwe cha Jioni

Naona wote mnaikwepa tabaka. Meya Ray Nagin alikuwa mweusi. Mkuu wa polisi wakati wa kimbunga mweusi. Na kwa kuwa Mwalimu amefungua 1927: mwezi huohuo wa Aprili, matajiri wa New Orleans walishawishi tuta la Caernarvon lilipuliwe kwa baruti ili mji usalimike. Maji yakaelekezwa wilaya jirani za St. Bernard na Plaquemines. Waliozamishwa wengi wao walikuwa wazungu maskini, wawindaji wa panya wa majini wenye asili ya Kihispania. Waliahidiwa fidia, wengi hawakupata kitu cha maana.

Maskini huzamishwa, ngozi ni rangi ya bahasha tu.

#15 BintiMakorora

Hao wazungu wa St. Bernard waliahidiwa fidia na wakahamishwa kabla baruti haijalipuka. Wale wa Greenville waliahidiwa nini?

#16 Mwalimu Mstaafu

Naongezea jambo linalowagusa wote wawili. Mwaka 1965 kimbunga Betsy kilizamisha Lower Ninth Ward, na wakazi wengi wakaamini tuta limelipuliwa makusudi. Mwaka 2005 wakaamini tena. Safari zote mbili wachunguzi hawakupata ushahidi wa baruti. Lakini baruti ya 1927 ilikuwa kweli, wazee wanaikumbuka, kwa hiyo usimcheke anayeamini. Nyimbo nyingi za Katrina zimebeba imani hii. Rapa Lil Wayne, mtoto wa New Orleans, kwenye "Georgia... Bush" ya 2006 anaisema waziwazi.

#17 Dalali wa Biti

Mmemtaja Wayne, acha niweke jambo ambalo sijaona mtu analisema. Biti ya Wayne imejengwa juu ya sauti ya Ray Charles akiimba "Georgia on My Mind". Na "Gold Digger" waliyotumia The Legendary K.O. imejengwa juu ya "I Got a Woman" ya Ray Charles huyohuyo. Mzee alifariki 2004, hakuiona Katrina, lakini yuko chini ya nyimbo mbili kali kuliko zote za kumlaumu Bush. Mwaka 1961 aligoma kupiga Augusta, Georgia, kwa sababu ukumbi uliwatenga weusi.

Na rapa Mos Def alichukua biti ya "Nolia Clap", wimbo wa sherehe wa Juvenile, rapa wa New Orleans, na kundi lake kuusifia mtaa wa nyumba za serikali wa Magnolia, akaandika "Dollar Day" juu yake. Tarehe 31 Agosti 2006 akapanda juu ya lori mbele ya Radio City, New York, ndani kunatolewa tuzo za MTV, akauimba bila kibali, polisi wakamkamata. Magnolia yenyewe? Maji yakaisha, halmashauri ya mji ikapiga kura Desemba 2007 kubomoa nyumba zile pamoja na mitaa mingine mitatu ya serikali, nyumba zipatazo 4,500. Wapangaji karibu wote weusi, na wengi walikuwa bado Houston na Atlanta wanasubiri kurudi.

#18 Jirani wa Astrodome

Yule mama wa picha za harusi alikuwa mpangaji wa serikali. Hakurudi. Mara ya mwisho tuliwasiliana alikuwa Houston na mumewe, na mwaka 2017 kimbunga Harvey kikawakuta hukohuko.

#19 Mtoto wa Keko

Daah.

#20 SanturiYaZamani

Dalali, hapo kwa Mos Def umenigusa. Lakini angalia tena: tunakumbuka kukamatwa kwake kuliko mistari. Narudi palepale, ni tendo linalobaki.

Na msisahau Juvenile mwenyewe. "Get Ya Hustle On" video yake ilipigwa kwenye vifusi vya Lower Ninth Ward, watu wamevaa barakoa za sura za Bush, makamu wake Cheney na Nagin. Kijiwe, uone: meya mweusi naye hakuachwa. Albamu ile ilishika namba moja Marekani 2006. Lakini ushauri wa wimbo ni kwamba serikali haitakuja, kila mtu akajitafutie hata kwa njia haramu. Je, hayo ni maandamano au ni kukata tamaa?

#21 Kipaza

Ni taarifa ya habari. Msimlazimishe awe mhubiri.

#22 Mama Zuhra

Ndugu zangu, mnahesabu santuri na video, mmesahau barabara. Niliishi New Orleans nikisomea uuguzi, baada ya Katrina. Muziki wa kupinga niliousikia mimi haukurekodiwa.

Kule mtu akifa, bendi ya matarumbeta humsindikiza. Kwenda makaburini wanapiga taratibu, nyimbo za kanisani. Wakishamuaga marehemu, midundo inabadilika na mtaa mzima unafuata nyuma unacheza, mwavuli juu. Hao wafuasi ndio wanaitwa second line. Mkitaka picha yake, fikirieni matarumbeta ya harusi za Dar yakizunguka mitaa, ila hapa hata asiyealikwa ana haki ya kuingia. Jumapili nyingi vyama vya kusaidiana vya weusi hufanya maandamano yao hivyohivyo.

Baada ya kimbunga, watu waliotawanywa Texas na Georgia walikuwa wanasafiri usiku kucha kurudi kwa ajili ya Jumapili moja. Nyumba hana, mtaa umejaa ukungu na magodoro yaliyooza, lakini anakuja kucheza mbele ya kizingiti chake. Ile ni kusema: mimi ni wa hapa. Na wenye mji walielewa, kwa sababu ada ya ulinzi wa polisi kwa maandamano yale ilipandishwa mara kadhaa, vyama vikaenda mahakamani. Oktoba 2007, mtaa wa Tremé, watu walikuwa wanamsindikiza mpiga tuba aliyefariki, polisi wakaja na magari mengi wakakamata wanamuziki wawili kwa kupiga bila kibali. Mtaa ambao bendi zimepita kwa zaidi ya miaka mia! Kesho yake watu wakatoka tena, wengi zaidi.

Kama mnauliza muziki gani uliwaudhi wakubwa, huo hapo.

#23 Mwalimu Mstaafu

Mama Zuhra, ahsante sana. Hili sikulijua kwa undani huo.

#24 Kijiwe cha Jioni

Mama, swali kwa heshima. Kupigania haki ya kupita barabarani si kupigania nyumba. Matarumbeta yalirudi, na watalii wanayalipia. Wapangaji wa Magnolia hawakurudi. Mji ule mwaka 2010 ulikuwa na weusi pungufu kwa zaidi ya laki moja kuliko mwaka 2000. Huoni kwamba walikubaliwa wapigaji, wakakataliwa majirani?

#25 Mama Zuhra

Naona, mwanangu. Na wapigaji wenyewe wengi hawakuweza kodi za Tremé tena. Lakini usiseme barabara na nyumba ni vitu viwili. Aliyefukuzwa nyumba, barabara ndiyo iliyobaki ya kusimama.

#26 Wa Mabwepande

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Sisi tulihamishwa Jangwani baada ya mafuriko ya Desemba 2011 tukapelekwa Mabwepande. Mahema, hakuna shule karibu, kazi iko Kariakoo. Nyimbo tulizosikia redioni wakati ule zilikuwa za pole. Nasoma uzi huu najiuliza nani angetuimbia sisi kwa hasira.

#27 Mpima Ardhi

Pole sana ndugu. Hata hivyo bonde la Msimbazi ni mkondo wa maji, palikatazwa kujengwa.

#28 Wa Mabwepande

Najua palikatazwa. Kodi ya chumba palipokatazwa ndiyo tuliyoiweza.

#29 Kisiwani

Hamjaigusa Puerto Rico. Kimbunga Maria, Septemba 2017. Wale ni raia wa Marekani wasiopiga kura ya rais. Serikali ilishikilia idadi rasmi ya vifo 64 karibu mwaka mzima, mpaka utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington ukakadiria 2,975, serikali ikaupokea. Trump alikwenda akawarushia watu karatasi za jikoni kama anacheza mpira wa kikapu.

Septemba 2018 Bad Bunny, mwanamuziki wa kisiwani, mara yake ya kwanza kwenye kipindi kikubwa cha usiku Marekani, alianza kwa kusema zaidi ya watu 3,000 wamekufa na Trump bado anakana, ndipo akaimba. Julai 2019 yakavuja mazungumzo ya gavana Rosselló na wenzake wakiwafanyia dhihaka hata marehemu wa kimbunga. Wanamuziki Residente, iLe na Bad Bunny wakatoa wimbo kwa haraka wakati watu wako barabarani, wenyewe wakaingia kwenye maandamano. Gavana akajiuzulu.

SanturiYaZamani, uliuliza wimbo uliofika.

#30 SanturiYaZamani

Huo umefika, siwezi kubisha. Ila aliyeondoka ni gavana wa kisiwani. Washington aliondoka nani? Na mazungumzo yale yasingevuja, wimbo ungekuwa na nguvu ile?

#31 Dalali wa Biti

Kila ukipewa jibu unasogeza goli, mkuu wangu.

#32 Nyundo80

Mmoja hajatajwa. Jay-Z, "Minority Report", 2006. Anajilaumu mwenyewe: nilitoa milioni, sikutoa muda wangu, ni sawa na sikutoa kitu. Kwangu ule ndio wimbo mgumu kuliko wote kwa sababu hamlaumu Bush peke yake. Waliosikia habari wakabadilisha kituo nao wamo.

#33 BintiMakorora

Hapana, Nyundo. Tajiri kusikitika ni jambo jema, lakini msiweke kinara cha uzi kwa mtu aliyekuwa anaitazama kwenye televisheni. Mwanamuziki Fats Domino alikuwa na miaka 77, nyumba yake iko Lower Ninth Ward, akaokolewa kwenye mafuriko, na watu wakadhani amekufa, wakaandika buriani kwenye ukuta wa nyumba yake. Mtu aliyeuza mamilioni ya santuri aliishi mtaani kwake na maji yakamkuta na majirani. Tuwaulize wa aina hiyo kwanza.

#34 Kipaza

Fats hakuimba kuilaumu serikali lakini. Mwaka 2006 alitoa albamu ya kuchangia wanamuziki wa mji wake, basi. Kwa kipimo cha uzi huu tunamweka wapi, na aliyekaa bila kulaumu anahesabiwa?

#35 Mama Zuhra

Kwangu anahesabiwa. Mwalimu, ukipata nafasi tuwekee hizo pande mbili za Patton, nataka kusikia miji anavyoitaja.

#36 Mwalimu Mstaafu

Naziweka jioni. Sikilizeni ya pili zaidi, ile ya upande wa Arkansas, ambako kuna waliokufa na hakuna boti. Na Kijiwe, kabla hujarudi na tabaka, niambie Greenville mzungu gani maskini alivalishwa kitambulisho cha shamba.